Mwaka wa Kutoka Friji Hadi Friji

Siku mliyoniaga kwa kustaafu, kijana mmoja wa kitengo cha chanjo aliniuliza mbele ya watu ni safari gani niliyoipenda kuliko zote katika miaka yangu ya kazi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau. Nikatikisa kichwa, watu wakacheka, mshereheshaji akaendelea na mambo yake. Swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu zuri. Sasa niko nyumbani, kuku wamekula, sina kikao cha saa nne wala cha saa nane, kwa hiyo nitajibu.

Vyeo sitavitaja, vilikuja vyenyewe kama mvi. Mishahara mnaijua, tusiharibu mazungumzo. Nitawaambia habari za mwaka mmoja tu, wa kwanza, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa msichana niliyetoka tu chuoni nikapangiwa timu ya chanjo ya surua iliyozunguka wilaya za Kibondo na Kasulu. Tangu hapo nimepanda ndege mara kadhaa kwenda kwenye semina na nimelala hoteli zenye sabuni ndogo. Bado nikiulizwa nimetembea wapi, mwaka ule ndio unaokuja kwanza.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nilikulia kwenye joto la ziwa, na nguo nilizobeba zilikuwa za joto la ziwa. Basi liliponishusha Kibondo asubuhi moja ya ukungu, nilisimama stendi na khanga mbili, meno yakigongana, nikijiuliza kama hii bado ni Kigoma ileile. Aliyekuja kunipokea alikuwa Sista Yustina, kiongozi wa timu yetu, Muha wa Heru, mama mfupi mwenye mikono ya mtu anayelima. Alinitazama toka juu mpaka chini, akavua sweta lake akanipa.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha.

Kiha sikukijua. Nikasema, "Asante, Sista."

"Salamu haijibiwi kwa asante," akasema. "Lakini si neno, baridi itakufunza. Twende nikakutambulishe kwa bosi."

Nikajipanga, nikanyoosha gauni. Tukaingia chumba cha nyuma cha hospitali, na bosi mwenyewe alikuwa friji ya mafuta ya taa, nyeupe, imechubuka ubavuni, imesimama juu ya vipande vya matofali. Sista Yustina akapiga magoti mbele yake, akachukua kioo kidogo cha kujitazamia, akakiingiza chini karibu na taa ili auone mwali wa moto bila kuisogeza friji. Akaniita nami nipige magoti. Mwali ulikuwa wa bluu, umetulia.

"Ukiuona hivi, kalale," akasema. "Ukiuona wa njano, kuna masizi kwenye bomba la moshi au utambi umekatwa vibaya. Hapo usilale. Chanjo ya surua ni kama maziwa. Ikishapata joto imekwisha, hata ukiirudisha kwenye baridi. Tofauti yake ni kwamba haichachi. Utaitazama, utaiona nzima, utawachoma watoto wa watu maji matupu, na hutajua mpaka uwaone wameugua."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kazini, na sijapata kusikia lililo bora kuliko hilo.

Ninyi mna majokofu ya jua, mna vipima joto vinavyopiga kelele vyenyewe. Sisi tulikuwa na sanduku la baridi, barafu ya kugandisha kwenye vyombo, na Gwasa. Gwasa alikuwa dereva wetu, mtu mkubwa wa Kasulu, mpole, mwenye imani kuwa Landrova lake lilikuwa linaelewa Kiha. Barafu ilidumu siku mbili hivi kama hukulifungua sanduku ovyo, na chini ya hapo kama njia ilikuwa ya jua. Kwa hiyo watu wa kilimo walipanga safari zao kwa misimu, watu wa elimu kwa mihula, na sisi tulipanga kwa friji. Tuliuliza kwanza nani ana friji inayofanya kazi, kisha tukachora njia kati ya moja na nyingine, na vijiji vyote tulivifanya katikati. Kila tulipoondoka Gwasa aliuliza, "Dada, leo tunawahi friji ya nani?" Nikamtajia, naye akakanyaga mafuta.

Safari ya kwanza ilikuwa njia ya Kakonko. Vijiji vilikuwa vipya, watu wametolewa mashambani kwao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na wengi walikuwa hawajasahau kwamba waliletwa na magari yaliyofanana na letu. Kwa hiyo tulipokelewa kwa adabu na kwa macho makavu. Akina mama walikuja, wakakaa, watoto mgongoni. Nikachemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria juu ya jiko la Primasi, nikachanganya kichupa cha kwanza, nikasema, "Haya, nani anaanza?"

Hakuna aliyesogea. Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyevaa koti la mvua siku isiyo na mvua, akaniambia, "Onja."

Nikadhani wamepika. Nikatazama huku na huku nitafute sahani. Sista Yustina alikuwa ameshakunja mkono wa gauni lake na amenigeuzia bega.

"Nichome," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Huku kwetu mtu hakukaribishi pombe bila kuionja yeye kwanza mbele ya macho yako. Aliyeleta kinywaji ndiye anayeonja. Nasi tumeleta."

Nikamchoma. Watu wakamtazama kwa muda, kama wanavyomtazama mtu aliyetoka kunywa funda la kwanza, halafu yule mwenyekiti akasema neno moja, na mama wa kwanza akaja mbele. Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji.

Tukapeana zamu. Kijiji hiki aonje Sista, kinachofuata mimi, kinachofuata Gwasa. Kwa sindano safi na dozi halali kabisa, mimi nilichanjwa surua Kakonko, nikachanjwa Kifura, nikachanjwa Mabamba na kwingineko. Surua ingekuwa na macho, ingeniona kwa mbali ikavuka barabara. Mabega yangu yalikuwa yanauma mwaka mzima. Bwana mmoja wa mkoani alipotuuliza kwa nini dozi zetu ni nyingi kuliko watoto, Sista alimwambia, "Ni za salamu," na bwana yule hakuuliza tena.

Zamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Gwasa, kwa sababu Gwasa aliogopa sindano. Mtu yule alikuwa akivuka daraja la miti miwili huku akipiga mluzi, lakini akiiona sindano anafumba macho, anashika mlango wa gari, na kuanza kuongea habari za gia. Watoto walilala chini kwa kucheka. Nina hakika kuna vijiji ambavyo mahudhurio yalikuwa mazuri kwa sababu habari za Gwasa zilikuwa zimetangulia.

Sasa nianze kuwatajia vituo nilivyovipenda.

Mabamba, karibu na mpaka, kulikuwa na misheni ndogo yenye padri mzee na friji mzee. Tulifika mchana, barafu imeshaanza kuwa maji, tukaikuta friji ya padri ina joto la chumba. Taa inawaka vizuri, mwali wa bluu, baridi hakuna. Mimi nilitaka kulia. Sista Yustina akaizunguka mara moja, akasema, "Imechoka. Ilazwe kichwa chini."

"Nani?" akauliza padri.

"Friji, Baba."

Akazima taa, akatoa mafuta, akaondoa vitu vya ndani: siagi, chupa ya divai ya misa, na samaki mmoja ambaye padri alisema hamjui. Kisha yeye, Gwasa na mpishi wakaipindua friji juu chini, miguu ikaelekea darini, ikasimama hivyo katikati ya sebule. Padri akaitazama kama mtu anayemtazama jirani mlevi. Sista akaeleza kuwa ndani yake mna dawa inayozunguka, na ikikaa miaka mingi bila kuguswa inaganda mahali, ukiigeuza inashuka. Wakati inajigeuza huko, chanjo tukaizungushia magunia yaliyolowa, tukaiweka kwenye kona yenye ubaridi ya sakristia, chumba cha padri cha kuvalia kanisani, na tukagawana zamu ya kulowesha. Friji iliposimamishwa na kuwashwa tena, kesho yake iligandisha maji. Padri alifurahi hata akasema atalihubiri jambo lile. Naomba msijaribu hivyo na majokofu yenu ya jua.

Kituo cha pili ni Kasulu mjini, duka la Mzee Athumani. Mzee huyu asili yake ni Pangani, aliletwa bara na biashara ya nguo akazeeka nayo, na alikuwa na friji kubwa ya soda. Alikuwa ametutengea rafu ya chini. Soda juu, chanjo chini, na kati yao karatasi aliyoandika kwa mkono wake: MALI YA WATOTO. Nilipoingia dukani kwake mara ya kwanza, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, alinisikiliza ninavyosema akaacha mizani yake.

"Wewe wa Ujiji?"

"Ndiyo, mzee."

"Alhamdulillahi. Mke wangu! Njoo umsikie mtu anayesema Kiswahili kimelala chini kama mkeka."

Tangu siku hiyo kila nilipopita nilikula kwao vitumbua, na mke wake, Bi Rukia, alinifunga kilemba cha sufu dhidi ya baridi. Mara moja tulikuja na shehena kubwa kutoka Kigoma mkesha wa Idi, na friji ya mzee imejaa soda za sikukuu mpaka mlangoni. Nikasimama pale, sijui niombe vipi. Yeye akaanza kuzitoa soda moja moja na kuzipanga sakafuni.

"Mzee, na wateja wa Idi?"

"Watakunywa soda ya moto. Anayetaka baridi apande Manyovu."

Na Manyovu ndicho kituo cha tatu, pamoja na milima yote ile ya Buhigwe na Heru Juu. Huko barafu yetu ilidumu karibu mara mbili, na Sista Yustina aliita milima ile friji ya Mungu, isiyotaka utambi. Akina mama walikuja na watoto waliofungwa mablanketi mpaka pua, na kupata bega la kuchoma ilikuwa sawa na kumenya kitunguu. Tulipewa maharage, ndizi za kuchemsha, na salamu ndefu ajabu. Mtu anakushika mikono miwili, anakuuliza habari zako, za nyumba yako, za njia uliyopita, na wewe unamrudishia zote, na mwenzake naye yuko nyuma anangoja zamu. Nilikuwa nimeshajifunza kuitikia bila kusema asante. Lakini kusema kweli nilikuwa najibu huku jicho liko kwenye sanduku. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule wote. Watu wananionyesha mlima, mimi naangalia jua limefika wapi.

Nimefika Makere. Hapa ndipo palipo jibu lenyewe.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha. Habari zilikuja kwamba surua imeingia upande wa Makere na watoto wameanza kufa. Tulichukua kila kichupa kilichokuwa Kasulu, tukaenda. Chanjo nyingine ilikuwa haijulikani itakuja lini kutoka mkoani. Sista akafungua kituo Makere penyewe, ambako watu walikuwa wengi, akaniita pembeni. Ng'ambo ya kijito, mwendo wa miguu, kulikuwa na kitongoji cha familia zilizokimbia kutoka Burundi, na kijiji kilichopakana nao kilikuwa na wagonjwa tayari. Akanipa vichupa viwili, kila kimoja cha watoto kumi.

"Wako kumi na kitu," akasema. "Nenda na Gwasa, atakutafsiria, Kirundi na Kiha ni ndugu. Sina kingine cha kukupa, Mwajabu, kwa hiyo usimwage hata tone."

Tukavuka, Gwasa amebeba sanduku kichwani kama mtungi wa bibi harusi. Tulikuta watoto kumi na tisa. Nikahesabu mara mbili, nikafurahi: dozi ishirini, watoto kumi na tisa, na moja ya kuonja. Mungu anajua hesabu, nikajisemea. Nikakunja mkono, Gwasa, aliyeogopa sindano ya bega lake tu, akanichoma kama nilivyomfundisha, watu wakatazama, wakaridhika. Kichupa cha kwanza kikaisha kwa watoto tisa. Wakabaki kumi. Nikachanganya kichupa cha pili.

Hapo akasimama baba mmoja aliyekuwa amekaa kimya muda wote, amempakata bintiye mdogo. Jina lake Nikodemu. Alikuwa mwembamba, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu, "Mawe, onja."

Mawe kwao ni mama, nami nilikuwa na umri wa kuwa mdogo wake.

"Nimeonja, baba. Mliona."

"Umeonja ule. Huu ni mtungi mpya. Mtungi mpya unaonjwa upya."

Watu wakaitikia. Nikamgeukia Gwasa anisaidie, nikamwona naye anatikisa kichwa kukubali. "Ego, dada," akaninong'oneza. "Ndivyo ilivyo. Kila mtungi. Kwingine walitusamehe tu."

Nikaeleza. Nikasema kichupa hiki ni cha watu kumi, watoto waliobaki ni kumi, nikionja mimi mmoja atakosa, na ng'ambo kule wanaugua. Gwasa akatafsiri vizuri, naona mpaka aliongeza. Nikodemu akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Tulikotoka," akasema, "walikuja watu wazuri, wanaongea vizuri. Sikuwauliza kitu. Sasa ninauliza. Aliyeleta kinywaji akikataa kuonja, wewe utakunywa?"

Mimi pia nisingekunywa. Akina mama waliokuwa kwenye mstari wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakiwavuta watoto. Jua lilikuwa utosini. Kichupa kikishachanganywa hakingoji, na kilikuwa mkononi mwangu kinapata joto la kiganja. Niliogopa kweli. Katika miaka yote iliyofuata nimewahi kuona kipindupindu na ajali za barabarani, lakini hofu ile ya kushika dozi kumi nzima huku watoto kumi wanaondoka sijaipata tena.

Gwasa akainama sikioni. "Dada, vuta maji matupu ujichome. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo jepesi na la huruma. Lakini nikawaza, huyu mtu ameniuliza swali la kweli, nami nimjibu kwa uongo kwenye bega langu mwenyewe? Kesho nitakuja na kichupa kingine, nitawatazamaje? Nikasema, "Hapana." Kisha nikamwambia Nikodemu, "Baba, nikionja, mtoto mmoja atarudi nyumbani bila kinga. Nitaonja kama mkisema nionje. Ila mniambie ninyi ni mtoto wa nani."

Gwasa akatafsiri. Kila mama alimtazama mtoto wake, halafu akawatazama wa wenzake, halafu akaangalia chini.

Aliyesema alikuwa mke wa Nikodemu, Anastazia. Nilikuwa sijamwona, alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango wa nyumba, anamenya mihogo. Aliweka kisu chini, akaja, akafuta mikono kwenye nguo yake. Aliongea Kirundi, polepole, hakumwangalia mume wake wala mimi, aliwaangalia wale akina mama. Gwasa alitafsiri, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema, huyu dada alipokuwa njiani mtungi ulikuwa wake. Sasa ameshautoa. Ameutoa kwetu. Mtungi uliotolewa ni wa nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayewaonjea wageni. Anasema, tulipovuka tulikuwa na watoto wawili. Mmoja surua ilimchukua njiani, wala hakuna aliyeonja kitu. Aliyebaki ni huyu. Huyu ataonja."

Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mumewe. Mtoto aliitwa Odeta, mwenye mashavu, amevaa shanga moja nyekundu kiunoni. Nikodemu alibaki na mikono wazi. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, akainua mikono, mke wake akamrudishia mtoto. Yeye mwenyewe akalifunua bega la bintiye na kulishika ili lisitikisike.

Nikamchoma. Odeta alilia kilio cha kusikika Burundi.

Tukangoja. Baada ya kuonja watu hungoja, na hakuna anayeweza kuwaharakisha. Nilisimama na kichupa nikakifunika kwa kipande cha barafu kwenye kitambaa. Odeta akalia, akapunguza, akamwangalia baba yake, akaona mihogo, akanyoosha kidole, akaitaka. Mama yake akampa kipande. Akatafuna huku machozi bado yako kwenye kidevu.

Nikodemu akanitazama.

"Mwingine," akasema.

Wakaja tisa, bila msukumano, na yeye akamshika kila mtoto bega, mmoja baada ya mwingine, mpaka kichupa kikabaki kitupu kabisa. Nilikipindua mbele ya macho ya wote. Halikutoka hata tone. Watu wakapiga makofi, na Gwasa akajipangusa uso kwa mkono wa shati akisema ni jasho.

Surua ilitembea Makere majuma yaliyofuata, na watoto walizikwa. Ng'ambo ya kijito haikuvuka. Sista Yustina alienda mwenyewe kuhakikisha, nyumba kwa nyumba, akarudi ameniletea mihogo.

Lakini safari ninayowajibia ni ya jioni ileile. Tulipomkuta Sista Makere naye alikuwa amemaliza, vichupa vyote vitupu. Akauliza, "Watoto wamepata wote?" Nikasema wamepata. "Na mtungi wa pili nani kaonja?" Nikamweleza. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akavua viatu, akalia kidogo, akavaa viatu.

Tukapanda gari. Gwasa akawasha, akaweka gia, kama kawaida yake akauliza, "Dada, leo tunawahi friji ya nani?"

Nikafungua kinywa, nikakuta sina jina la kumtajia. Sanduku lilikuwa tupu. Nikamwambia, "Hakuna, Gwasa. Nenda unavyotaka."

Akaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likapanda kilima taratibu, kama linalosikiliza, na juu kabisa akalisimamisha bila kuambiwa, tukashuka wote watatu. Mbele yetu nchi yote ilikuwa imekaa kijani, migomba, moshi wa majiko ya jioni, watu wanarudi kutoka mashambani na majembe begani, na milima nyuma ya milima. Barabara ile nilikuwa nimeipita mwaka mzima.

"Kumbe ni pazuri hivi," nikasema.

"Huku?" akasema Gwasa. "Dada, kila siku tunapita hapa."